Faili la Wenyeji

Tangu alasiri nimekaa ofisi ya maji, Langoni,
feni inageuza shingo kama mtu anayekataa,
na kompyuta iliyokuja kutoka Malindi ndani ya gunia
inaniambia kwa herufi nyeupe: imeanza.
Nauliza: uko wapi?
Kimya.

Hifadhidata hii iliundwa ikae juu ya mashine mia,
kila moja na kipande chake, moja ikifa nyingine irithi.
Mimi ninayo moja.
Basi nimeitwika kazi zote: iwe mkuu,
iwe mhudumu wa majimbo,
iwe na yule wanayemwita mtunza wanyama,
ambaye hapa Amu, nadhani, angepewa punda tu.
Mtu mmoja, mchezo mzima: ajiulize, ajijibu,
ajipigie makofi.

Kosa la kwanza lilikuwa jepesi. Haikujua Java ilipo.
Nikaandika njia, herufi kwa herufi,
nikasahau mkwaju mmoja, nikaandika tena.
La pili sipendi kulitaja mbele ya Somoe:
vipimo vya wiki nzima, chumvi ya visima vya Shela,
niliviweka kwenye folda ya muda,
na stima ilipokatika Jumanne, ikarudi,
mashine ilifagia folda ile
kama ua wa nyumba asubuhi ya Idi.
Visima thelathini. Halikubaki hata tone.

Somoe alivizunguka vyote kwa miguu, mchangani,
na daftari lake lenye twiga kwenye jalada.
Amekuja nalo tena, amelikumbatia, hasemi kitu.
Kunyamaza kwake kuna nambari za kurasa.

Nafungua batli. Mistari elfu,
inalalamika kama mpangaji:
muunganisho umekataliwa, najaribu tena,
muunganisho umekataliwa, najaribu tena,
mara thelathini na tano, kisha pumzi inakata.
Nani anakataa? Humu ndani hamna mtu mwingine.
Anayebisha hodi ni yeye. Aliyejifungia ni yeye.

"Kama nyumba ya marehemu halati Mwanamanga," Somoe anasema.
"Mlango mmoja barabarani, mmoja uchochoroni.
Yeye alikuwa akiketi huku, wageni wakibisha kule.
Jua likatua, kila mmoja anamlaumu mwenzake."

Nikacheka. Halafu nikaacha kucheka.

Kuna faili, dogo kuliko cheti cha kuzaliwa,
wanaliita la wenyeji: anwani kushoto, majina kulia.
Nalifungua kwa ruhusa ya mzizi, nywila nimeikosea mara mbili,
na hapo naiona mashine yangu, niliyoipa jina Ndoo,
imeandikwa makao mawili.
127.0.0.1, ndiye mimi.
127.0.1.1, ndiye mimi pia.
Tofauti ni tarakimu moja, upana wa ukucha.
Ndoo ilikuwa ikisikiliza huku, ikijiita kule.

Mgeni njoo, mwenyeji apone, tunasema.
Sijui methali ya mwenyeji
aliyefika kwake akakosa wa kumfungulia.

Mstari ule sikuuandika mimi. Ulikuja na mfumo,
mtu fulani aliuweka kwa nia njema, akaenda zake.
Nami kwenye kitambulisho ni Twalib;
mama haniiti hivyo hadi leo,
na benki wakiniita hivyo nachelewa kusimama.

Nikaufuta. Nikahifadhi. Nikazima, nikawasha.
Data nimezipa folda yake, isiyofika fagio.
Nauliza: uko wapi?
Nipo.

"Soma," nikamwambia Somoe.
Kisima cha kwanza. Cha pili.
Cha tatu kimefukiwa na mchanga, ruka.
Kila safu inaingia, nauliza, inajibu: ninayo.
Cha nne anasoma, anasita, anarudia
kwa sauti ya mtu aliyeyaonja maji kabla ya kuyapima.
Chumvi imepanda.
Mwezi uliopita yalikuwa yananyweka.

Naandika.
Ninayo, inasema.